Kwa nini mwenyeji wa pati anaghairi, na ninachofanya siku hizi kabla hajafika hapo

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama nje ya geti la ploti moja kule Umoja, Nairobi, mabegi mawili ya vyombo vya jikoni ninavyouza kwenye pati za majumbani yako chini, nimeshamlipa mtu wa bodaboda na ameshaondoka, simu ikalia. Ujumbe: "Pole sana dada, kuna jambo la dharura limetokea. Tutapanga siku nyingine." Niliinua macho. Pazia la gorofa ya pili lilisogea kidogo, kisha likatulia.

Alikuwa ndani.

Nilirudi stejini na mabegi yangu, kilio kimenikaba kooni. Siku ile nilikuwa nimemkatalia mama wa Donholm aliyeitaka Jumamosi hiyo hiyo. Nauli ilikuwa imeenda, siku imeenda, na nilikuwa na oda ya kampuni niliyotarajia kuilipia kwa mauzo ya jioni ile. Mwezi ule nilikuwa nimeandika pati sita kwenye daftari, na hiyo ilikuwa ya nne kuvunjika.

Miezi kadhaa baadaye mimi na mwenyeji yule tulikutana kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu. Yeye ndiye aliyenijia, amebeba sahani yake, akakaa kando yangu. "Dada, nilikuwa nimeita watu kumi na wanne," akaniambia. "Walionijibu ni wawili. Kufika saa nane nikaona aibu. Utoke kwako na mizigo yote ile, unikute nimekaa peke yangu na chupa ya chai?"

Niliyasikia maneno yale kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshinda nikisema wenyeji hawana msimamo, wanakubali mdomoni tu. Kumbe mwenyeji anaghairi kwa sababu anaogopa. Anaogopa sebule tupu. Anaogopa gharama. Anaogopa mume atasema nini, na marafiki watamwonaje akiwaita nyumbani ili wauziwe kitu. Hofu hiyo inaanza siku ile ile aliyokubali, na inakua kila siku ninayomwacha nayo peke yake. Mimi nilikuwa nikimwacha nayo mwezi mzima.

Kwa ambaye hajaifanya kazi hii: mwenyeji anaalika watu kwake, mimi naenda na vyombo, naonyesha, watu wanaagiza, na mwenyeji anapata zawadi kulingana na mauzo. Mtindo huu ulivuma Marekani kupitia Tupperware, kampuni ya vyombo vya plastiki. Vyombo vile vilikuwa madukani tangu miaka ya 1940 lakini havikuwa vikienda, kwa sababu mtu hakujua mfuniko unavyofungwa mpaka aonyeshwe. Mwaka wa 1951 kampuni ilivitoa madukani kabisa, ikamkabidhi Brownie Wise kazi ya kuviuza majumbani. Mama yule alielewa kwamba kinachouza ni sebule ya rafiki. Kwa hiyo mwenyeji ndiye biashara yenyewe, na pati ikivunjika si siku moja tu iliyopotea. Wageni wawili ambao wangetoka pale wamekubali kuwa wenyeji wa pati zijazo, nao wamepotea.

Nianze na tarehe, maana hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilikuwa nafurahi mtu akiniambia "mwezi ujao mwishoni". Siku hizi sikubali zaidi ya wiki mbili, tatu kama hakuna namna. Mtu aliyekubali kwa siku ya mbali hajakubali, amekuondoa kwa heshima. Na Nairobi hii ina kalenda yake. Jumamosi ni siku ya mazishi ushago, ruracio ya kupeleka mahari, na harusi. Mtu anaweza kupigiwa simu Alhamisi na lazima aende. Ndiyo maana nimehamia Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, nguo nzuri bado ziko mwilini. Januari sipangi kitu hadi karo ilipwe na watoto watulie shule. Katikati ya mwezi mifuko imekauka, kwa hiyo natafuta Jumapili iliyo karibu na mshahara. Mvua za masika, Machi hadi Mei, naanza saa nane ili mgeni afike kwake kabla ya giza, maana mvua ikinyesha nauli inapanda na barabara inasimama. Mafuriko yalipoikumba Nairobi mwaka wa 2024, mimi mwenyewe ndiye niliyewapigia wenyeji wangu kuwaambia tusubiri. Sikutaka mama yeyote atoke nyumbani siku zile kwa sababu ya vyombo.

Tarehe iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo watu wanakuja kwake hata bila mimi. Kama yuko kwenye chama cha kuchangishana pesa na mwezi huo zamu ya mzunguko ni yake, naomba nusu saa baada ya mkutano wao. Lakini namtuma kwanza kwa mwenyekiti aombe ruhusa. Nimeshuhudia wanachama wakinuna kwa kuona muda wao umevamiwa, na wakinuna hakuna anayenunua.

Sasa orodha ya wageni. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo inayoua pati nyingi.

Mwenyeji akiachwa peke yake ataandika ujumbe mmoja, autupe kwenye kundi la WhatsApp, apate vidole gumba vitano, atulie. Ujumbe wa kundi ni wa watu wote, kwa hiyo si wa mtu yeyote. Kila mmoja anadhani wengine wataenda. Siku ikifika, kimya. Hapo ndipo anaponiandikia kuhusu dharura.

Siku hizi, ndani ya siku mbili tangu akubali, naenda kwake. Siendi kuuza. Nabeba daftari na kalamu, tunakaa mezani, namwambia tuandike majina. Anasema, "Mimi sina watu wengi." Nauliza: wa ploti? Wanne. Wa kanisani, wale mnaoimba pamoja? Watatu. Wazazi wenzako wa shule? Anakumbuka wawili. Wa saluni, wa kazini, dada zako, wifi yako wa Kayole. Tukifika kumi na tano anaanza kucheka mwenyewe. Nikitaka wanane wakae sebuleni, lazima ishirini wawe wameitwa. Namwambia hesabu hiyo wazi, ili mtu wa tano akisema hatakuja asione kama amekataliwa. Alikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kisha namwomba apige simu tatu pale pale, nikiwa nimekaa. Si ujumbe, simu. Mama mmoja wa Pipeline alipiga ya kwanza sauti ikitetemeka: "Haloo, mama, habari za watoto? Jumapili saa tisa njoo kwangu tunywe chai. Kuna dada atatuonyesha vyombo vya jikoni. Hata kama hutanunua, wewe njoo tu." Upande wa pili wakamwambia, "Tena niko, tuko wawili na shemeji." Alipokata simu uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Simu ya pili aliipiga bila kuniangalia.

Namba za wageni siziombi. Kuna mabosi wanaotufundisha tuchukue orodha yote tupige wenyewe. Mimi siwezi. Namba ya mtu si yangu, sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 ipo, na zaidi ya sheria, mgeni akipigiwa na mtu asiyemjua anamlaumu mwenyeji.

Jambo jingine la ziara hiyo ni chakula. Wenyeji wengi wanadhani lazima wapike pilau. Wanapiga hesabu ya nyama, mchele na soda za watu kumi, wanaona zawadi yangu haifikii, wanajitoa kimya kimya. Nasema mapema, tena kwa msisitizo: chai ya maziwa na mandazi, ama nduma, basi. Na mandazi naweza kuja nayo mimi. Hili nalishikilia hata mwenyeji akiwa na uwezo, kwa sababu mgeni aliyeandaliwa karamu anaangalia meza ile na kusema moyoni, mimi siwezi hivi, sitamwita huyu dada kwangu.

Mume nauliza kwa upole: "Mzee wa nyumba anajua tunakuja?" Kama hajui, namwomba amwambie leo. Pati mbili zangu zilivunjika asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu baba alipanga kupumzika na kutazama mpira sebuleni, na hakuna mke atakayeanza vita mbele ya wageni. Akiambiwa mapema, wengi hawana shida. Wengine hata hutoa viti.

Kisha kuna oda za mapema, na hili nalipenda sana. Namwachia mwenyeji katalogi. Jirani asiyeweza kuja anachagua, analipa kwenye till yangu ya M-Pesa, mimi naandika oda kwa jina la pati ile. Pesa hazipitii mkononi mwa mwenyeji, asije akapata mzigo wa kuaminiana na jirani. Akishakuwa na oda mbili kabla ya siku, zawadi yake imeanza kuhesabika na anaiona. Mwenye oda mbili hajawahi kunighairi bila kunipigia simu.

Na namna ya kukumbusha. Zamani nilikuwa natuma Ijumaa: "Habari dada, bado tuko sawa kwa Jumapili?" Lile swali ni mlango nilioufungua mwenyewe. Mtu aliyechoka akiulizwa kama bado yuko sawa, anagundua hayuko sawa. Sasa napiga simu, na nina jambo la kuuliza: "Nije na ile seti ya vyombo vya friji au ile mitungi ya unga na mchele? Wageni wako watapenda ipi?" Anafikiria wageni wake, anachagua, tunaongea habari za maji na stima kama zipo, tunaagana. Hatukuulizana iwapo pati ipo. Tumeizungumzia kama jambo lililokwisha kupangwa.

Watu wameniambia dawa ni kumtoza mwenyeji amana, hata shilingi 500. Nilijaribu mara moja. Alighairi mtoto wake alipougua, nikamrudishia pesa, lakini jinsi tulivyozungumzia zile pesa ilibaki katikati yetu. Sijarudia, na singemshauri mtu.

Pamoja na haya yote, kuna pati zitavunjika. Watoto wanaugua, watu wanafiwa. Ninachomwambia kila mwenyeji siku ya kwanza, ana kwa ana, ni hiki: "Ukiona watu hawatoshi, usinifiche. Nipigie. Hata wakiwa watatu nitakuja." Tena naenda kweli. Watatu wameshaninunulia zaidi ya kumi na wawili, kwa sababu watatu wanauliza maswali na wanashika vyombo mkononi. Na akisema hapana, hatuwezi, siulizi kwa nini. Nampa pole, kama ni ugonjwa nauliza mtoto yuko hospitali gani, kama ni msiba natuma kidogo nilicho nacho. Habari ya tarehe mpya naiacha wiki nzima. Kisha nampa siku mbili achague moja, karibu, ili asibaki na deni moyoni linalomfanya avuke barabara akiniona. Wengi wetu tunawapoteza hapo, si kwa sababu walighairi, ila kwa sababu baadaye wanaona aibu kutupigia.

Yule dada wa Umoja nilimuuliza siku ile ile ya ubatizo, sahani zetu zikiwa bado mapajani: tukiita watu ishirini pamoja, mimi nikiwa nimekaa kando yako, utajaribu? Akanyamaza kidogo, akauliza kama ni lazima apike. Jumapili ya pili baada ya hapo walikuja saba. Pazia la gorofa ya pili lilikuwa limefungwa pembeni, na alikuwa amesimama dirishani akinipungia mkono kabla hata sijashuka kwenye boda.