Re: Tulale wapi Dar usiku mmoja na watoto watatu?
Dada, kama mnashuka treni ya SGR jioni kutoka Dodoma na asubuhi mnapanda boti ya Zanzibar, achaneni na Sinza au Mbezi hata bei ikiwa nzuri. Foleni ya asubuhi itawakosesha boti. Laleni mjini, maeneo ya Kisutu. Stesheni na bandari zote ziko jirani, bajaji inatosha.

Kabla ya kulipa piga simu hotelini, uwabane hasa kuhusu hicho "chumba cha familia": kina vitanda vya kutosha, au watawatandikia godoro sakafuni? Ombeni cha upande wa nyuma, honi za barabarani hazilazi mtoto. Neti lazima. Na chai waulize inaanza saa ngapi. Kama wanachelewa, wawafungie chapati na mayai muondoke nazo.