Vitamini baada ya kupunguzwa tumbo

Dada, umeuliza kama unaweza kuacha vitamini baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: hapana, haziachwi hata kama mwaka umepita na kilo zimeshuka. Ni za maisha. Ukikatwa tumbo likabaki jembamba kama ndizi, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu 80%, imeondoka, na humo ndimo inamotengenezwa protini inayosaidia mwili kufyonza vitamini B12. Kinachodanganya watu ni kwamba ini lina akiba ya B12 ya muda mrefu, hata miaka, kwa hiyo unajiona mzima kabisa mpaka siku miguu inaanza kufa ganzi.

Mimi niko mwaka wa nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp la waliofanyiwa tunakumbushana vidonge kila asubuhi (kero, lakini inasaidia), na mwenzetu aliyeacha kwa kuwa "yuko sawa" sasa anachomwa sindano.

Vidonge vya madini ya chuma usimeze na chai, wala pamoja na kalsiamu. Achanisha saa mbili hivi. Ila dozi usiige ya kwangu, hasa kama wewe ulifanyiwa operesheni ya aina nyingine, ile ya kuunganisha utumbo upya (bypass). Ipangwe kwa vipimo vyako vya damu.