Mkuu, futa hiyo 600 kabla mchoro haujamfikia fundi

Simama hapohapo. Umeuliza namna ya kuchora cheni izunguke kwenye SolidWorks, ile programu ya kuchora mashine, kwa ile lifti ya kupandisha chikichi, na mota ya kuivuta iwe ya ukubwa gani (mota tuiache kwanza). Katikati ukachomekea kwamba shafti mbili, zile fito zinazobeba magurudumu ya cheni, umeshaziweka umbali wa mm 600, "cheni nitaizungusha mwishoni". Hapo ndipo paliponichoma. Futa hiyo 600.

Cheni haikatwi kama kamba. Inahesabiwa kwa viungo vizima, tena viwe shufwa, maana cha ndani lazima kifuatwe na cha nje. Kwa cheni yako ya 428, ile ya bodaboda yenye pichi (pini hadi pini) ya mm 12.7, na sproketi, yaani magurudumu ya cheni, za meno 14 na 42, umbali wa mm 600 unadai viungo 122.9. Hiyo 0.9 nani atakuuzia, wenye maduka ya spea pale Mwanga? Kompyuta itapanga 122, itakuachia mwanya wa mm 11.5, nawe utafuta meti, vile vifungo vya kuunganisha vipande kwenye programu, na kuziweka upya hadi usiku ukidhani programu ina tatizo. Programu haina tatizo. Inakupa mapema habari ambayo fundi angekupa fremu ikiwa imeshachomelewa. Fremu ikishachomelewa, kicheko chote ni cha fundi, gharama yote ni yako. (Usiniulize najuaje.)

Idadi ya viungo ndiyo inayopanga umbali wa shafti. Si wewe, si mteja, si vyuma vilivyobaki stoo. Chukua 124, umbali unakuwa mm 606.96. Ukitaka fupi chukua 122, unapata 594.2. Katikati ya hapo hakuna kitu.

Sasa njia yenyewe, ule mstari ambao cheni itaufuata. Kuna mwalimu mmoja wa video, sauti tamu, watazamaji kibao, anasema pitisha mstari juu ya ncha za meno "ili cheni ionekane imekaa". Imekaa wapi? Juu ya meno kama kuku kwenye uzio! Rola, kile kigurudumu kidogo ndani ya kiungo, hukaa bondeni, na pini yake hupita kwenye duara la pichi: pichi gawanya kwa sine ya (180 gawanya kwa meno). Meno 14 yanatoa kipenyo cha mm 57.07, meno 42 mm 169.95. Ncha za meno ziko karibu mm 63 na 177. Ukimfuata yeye, njia inarefuka kama mm 21, kiungo kimoja na nusu na ushee, na hapo hesabu yako nzuri ya 124 imeshakufa.

Kuna mtego mdogo ndani yake. 124 mara 12.7 ni mm 1574.8, lakini njia uliyochora lazima isomeke karibu 1575.8. Ile milimita moja inatoka wapi? Kiungo ni chuma kilichonyooka: kwenye sproketi kinakata kona, wakati mstari wako unazunguka na duara. Sproketi ndogo peke yake inakula mm 0.7. Ukilazimisha 1574.8, kiungo cha mwisho kinakikanyaga cha kwanza.

Kwa hiyo chora duara mbili za pichi, mistari miwili ya kuzigusa, kata sehemu za ndani. Kisha weka kile kipimo cha urefu wa njia nzima, 1575.77, kiwe ndicho kinachotawala, na umbali wa shafti uuache ufuate wenyewe. Ukisoma 606.96, umepatia. Ukisoma kingine, usiguse kiungo hata kimoja.

Viungo ni kazi ya dakika kumi. Kimoja cha ndani, kimoja cha nje, kila kimoja faili moja, bila kulainisha kingo, rola usiitenganishe; vipande 124 vinatosha kuitoa kompyuta jasho. Paterni ya cheni, amri ya kurudia kiungo kwenye njia nzima, iko menyu moja na paterni ya mstari. Chukua aina ya tatu, inayoshika tundu mbili kwa kila kiungo, weka makundi mawili, washa kujaza njia. Ikiwa nzito, hamia kwenye hali tuli (Static), uivute kwa kiungo cha mwanzo tu. Sproketi zifunge kwa meti ya gia 14 kwa 42, na uweke tiki ya kugeuza, la sivyo zitazunguka kinyume kama gia zilizogusana.

Kwenye fremu, tundu za shafti ziwe ndefu, kuanzia 607 kwenda nje mm 15. Cheni ikilegea unavuta. Ukifika mwisho unatoa viungo viwili na kurudi mwanzo. Hiyo ndiyo nafasi pekee ya kubahatisha utakayopewa. Sasa nenda kafute hiyo 600, halafu ulete picha ya mchoro wa njia peke yake, bila cheni.