Kratos wa 2018: ndiye yuleyule?

Ndugu, umeuliza kwa nini sisi wa enzi za PS2 (PlayStation 2) tunailalamikia God of War ya 2018, gemu ya video ya yule shujaa Kratos, na bado tunaicheza. Kwangu shida ilikuwa vidole vilivyozoea gemu za zamani. Mfululizo huu niliuanzia kwenye kibanda cha gemu kule Umoja, padi imelegea, foleni nyuma yangu inapiga kelele. Kratos wa 2005 aliruka, akazungusha mapanga yake ya minyororo, na kamera ilikaa mbali ukaona maadui wote. Huyu mpya haruki utakavyo. Kamera imemganda begani. Anayekuja kwa nyuma humwoni mpaka mwanawe Atreus akuonye. Siku ya kwanza nilinuna kabisa.

Lakini lile shoka la Kratos mpya! Unalirusha, unabonyeza kitufe cha pembetatu, linarudi mkononi kwa kishindo na padi inatetemeka. Nilikuwa nalirushia miti bure tu. Halafu mzee Kratos ameota ndevu, anajifunza ulezi, na wengi wetu sasa tuna watoto, kwa hiyo hapo wametuweza. Majitu makubwa ya kupigana nayo ndiyo yamepungua, unakutana na troli (jitu la hadithi za Kinorse) yuleyule kila mara. Hilo sijalisamehe.

Wewe anza tu, ila usiiache kabla hujafika Lake of Nine, lile ziwa ambapo dunia ya gemu inafunguka.