Jino limenyamaza, pua inanuka

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41, naishi Morogoro. Tangu Ramadhani iliyopita natokwa na kamasi nzito upande wa kulia tu, na ina harufu mbaya ninayoisikia mwenyewe. Nimemaliza dozi tatu za amoksilini. Kila nikimaliza napata nafuu, kisha inarudi. Daktari wa masikio, pua na koo ameniambia nikapige picha ya meno ya juu. Nashangaa, maana gego langu lililotoboka upande huo liliuma sana mwaka juzi, likaacha lenyewe. Jino lisilouma linaletaje sainasi?

JIBU: Nzuri, dada. Huyo daktari msikilize, na kapige hiyo picha wiki hii. Upande mmoja, harufu, dozi zinazotuliza bila kuponya, na gego bovu upande uleule: hapo jino ndilo mshukiwa wa kwanza.

Lakini ngoja nishughulike na hilo "likaacha lenyewe", kwa sababu nalisikia kila siku na ndilo linalonichosha kuliko yote. Jino lililotoboka halijiponyi. Likikukesha, kisha likanyamaza bila kuzibwa wala kung'olewa, maana yake nyama ya ndani yenye mishipa imekufa. Hakuna tena cha kuuma mle ndani. Vijidudu ndio kwanza wamepata makao, na wanapanda hadi nchani mwa mzizi.

Lingekuwa gego la chini, huenda usaha ungekuvimbisha taya, ukaja hospitali ukiwa umejifunga kitenge kichwani. Gego la juu ni hatari kwa namna yake ya kimyakimya. Ncha za mizizi ya gego la kwanza na la pili, na mara nyingi ya jino linalotangulia magego, zinakaa chini kabisa ya uwazi wa shavu, huo mnaouita sainasi. Kwa watu wengine mfupa unaotenganisha ni mwembamba kama ganda la yai. Kwa wengine haupo kabisa, kuna ngozi laini tu. Usaha hupita panapopitika. Ukitoboa juu, humwagikia kwenye uwazi huo, mgandamizo unapungua, shavu halivimbi na jino haliumi. Mlango wa uwazi huo kuelekea puani uko juu, si chini, kwa hiyo uchafu hautoki wenyewe kwa urahisi. Unakaa, unaoza, unanuka.

Na amoksilini? Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayofika. Dozi inapunguza vijidudu vya huku nje, chanzo kinabaki. Dozi ya nne itafanya yaleyale.

Kliniki wataligongagonga jino kwa mpini wa kioo, kisha watagusisha pamba yenye baridi kali. Nikiigusisha kwenye gego zima, mgonjwa anaruka. Nikiigusisha kwenye lililokufa, anabaki ananitazama, anauliza nitaanza lini. Halafu picha ndogo ya jino lenyewe. Ile picha kubwa ya taya zima usiisome peke yako: mara nyingi huonyesha mizizi kana kwamba imeingia ndani ya sainasi, kumbe iko mbele au nyuma yake. Penye utata, sitiskani (CT scan, picha ya kompyuta inayoonyesha kipande kwa kipande) ndiyo inayoamua. Jino likithibitika, litatibiwa mizizi au litang'olewa, na pua nyingi hutulia baada ya hapo. Zisizotulia hurudi kwa daktari wa pua kusafishwa.

Kung'oa nako kuna mahali pake. Kuna mabwana mtaani wenye koleo na sindano ya ganzi, bei nafuu, picha hakuna. Mzizi wa gego la juu ukivunjika, hasa ule wa upande wa kaakaa, yeye anauchokonoa hadi anausukumia ndani ya sainasi, anakupa pamba ung'ate na kukwambia imekwisha. Wiki hiyohiyo unakunywa chai, inatokea puani. Tundu dogo la milimita moja au mbili kwa kawaida hujiziba likiachwa. Kubwa linahitaji kushonwa mapema. Kwa wiki mbili hivi usipenge kamasi kwa nguvu, piga chafya mdomo wazi, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Na usijaribu kila jioni kuziba pua na kupuliza ili uone kama hewa bado inapita, maana unaling'oa bonge la damu linaloziba. Wala usichokoe. Daktari wa Uingereza, Nathaniel Highmore, aliandika mwaka 1651 habari za mwanamke aliyeng'olewa jino, akatia unyoya kwenye tundu, ukaingia karibu wote, akaogopa umefika kwenye ubongo. Ulikuwa umejikunja ndani ya sainasi. Wagonjwa wangu hutumia njiti za viberiti.

Wanaouza dawa za kunusa za "kutoa sainasi kwa siku saba" nao niwataje. Unanusa, pua inawaka, kamasi inamiminika, mnashangilia uchafu umetoka. Hiyo ni pua inayojitetea dhidi ya kitu kinachoiunguza. Kujifukiza kwa mvuke kunafungua pua kwa muda, gego hakulifikii.

Kinyume chake pia kipo. Mafua makali yakijaza sainasi, safu nzima ya magego ya juu huuma, zaidi ukiinama kufua au ukisujudu. Wapo waliong'olewa meno mazima kwa mafua. Meno kadhaa yakiuma pamoja, na yote yanasikia baridi, usikubali koleo.

Kuna na hali zisizosubiri miadi. Mtu mzima mwenye kamasi ya damu upande mmoja, shavu lililokufa ganzi au linalovimba, au meno ya juu yanayolegea fizi zikiwa nzima, aende hospitali ya rufaa. Saratani ya sainasi huanza hivyo. Mtoto ambaye magego yake yanalegea na taya linavimba siku hadi siku, asipelekwe kwa mng'oaji wala kuchanjwa chale. Uvimbe wa namna hiyo, ambao ni saratani, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, na kwetu bado upo. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini mtoto akiwahishwa, dawa za saratani huuyeyusha.