Maswali ya Wasomaji: Sikukuu ya Mnara wa Mikate Kisiwani Cheung Chau

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Kisasa, hapa Dodoma. Tulikuwa marafiki wanne tuliojifunza Kichina pamoja katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na mmoja wetu sasa yuko Guangzhou, ambako ni wakala wa wafanyabiashara wa Kitanzania wanaoagiza mizigo. Ametualika tumfuate huko, tuvuke pamoja hadi Hong Kong, kisha twende kisiwa kiitwacho Cheung Chau kuangalia sikukuu ambayo watu hupanda mnara uliojaa mikate. Nina maswali matatu. Kwanza, sikukuu hiyo ni ya nini hasa? Pili, wawili kati yetu ni Waislamu na mimi ni Mwanglikana. Je, kwa kwenda huko tutakuwa tumeshiriki ibada isiyo yetu? Tatu, safari yetu ya mwisho ya pamoja, ya Zanzibar, ilituachia ugomvi wa miezi miwili uliotokana na fedha na ratiba. Tufanyeje ili yasijirudie?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitayajibu maswali yako kwa mpangilio ulioutoa, ingawa la kwanza litakula nafasi kubwa, kwa kuwa ukishaijua asili ya sikukuu hiyo, nusu ya swali la pili itakuwa imekwisha kujibika. Nimewahi kufika Cheung Chau mara moja nikiwa na marafiki watatu, na yale tuliyoyakosea sitayaficha.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakifiki kilomita za mraba 3, nacho kiko umbali wa kama kilomita 10 kusini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Hong Kong. Kimebanwa katikati kama kibuyu, na hapo kwenye kiuno ndipo nyumba, maduka na hekalu vilivyosongamana. Wakazi wake ni kama 20,000, wengi wao wa koo za wavuvi. Magari binafsi hayaruhusiwi, watu hutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na hata gari la zimamoto ni kijigari chembamba kinachoweza kupenya vichochoroni.

Wenyeji husimulia kwamba katika zama za nasaba ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, kisiwa kiliingiwa na tauni, watu wakafa, na waliobaki wakamtoa hekaluni Pak Tai, mungu wa Kaskazini ambaye wavuvi humtegemea kwa usalama wa baharini, wakamzungusha mitaani huku wengine wakijivika sura za miungu ili kuwafukuza pepo wabaya. Maradhi yakakoma, na tangu hapo shukrani hiyo hutolewa kila mwaka. Hekalu la Pak Tai, lililojengwa mwaka 1783, lipo mpaka leo, na mbele yake ndipo ibada za Kitao, dini ya jadi ya Wachina, hufanyika kwa siku kadhaa, za kuomba amani na kuwatuliza wafu wasio na jamaa wa kuwakumbuka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hii ni sikukuu ya mikate, elewa kwamba ametaja kachumbari akaacha pilau. Mwaka 2011 China iliiingiza katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Na kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka hutikisa kichwa: sikukuu iliyozaliwa na tauni ilikuja kuzuiwa na maradhi, kwani mashindano ya kupanda mnara hayakufanyika kuanzia mwaka 2020 hadi 2022 kwa sababu ya UVIKO-19, yakarejea mwaka 2023.

Huo mnara una historia yake. Zamani ilijengwa minara mitatu ya mianzi, kila mmoja ukifunikwa kwa mikate tangu chini hadi kileleni, na usiku wa manane vijana kwa mamia waliiparamia kwa pamoja, kila mmoja akitaka mkate wa juu kabisa, ambao uliaminika kuiletea familia yake heri ya mwaka mzima. Mwaka 1978 mnara mmoja ulianguka ukiwa na watu, wengi wakaumia, na serikali ikapiga marufuku upandaji huo kwa zaidi ya robo karne. Uliporudishwa mwaka 2005 ulikuwa umekuwa mchezo wenye kanuni. Mnara wa mashindano una fremu ya chuma na urefu wa kama mita 14. Washindani 12 waliopewa mafunzo hufungwa kamba za usalama na kupewa dakika 3 za kukusanya mikate. Mkate wa juu kabisa una alama 9, wa katikati 3, na wa chini 1, jambo linalowafanya wapandaji wazuri waipite ile ya chini kama watu wasioiona.

Mkate wenyewe ni mweupe, laini, unaojaa kiganja, na hupikwa kwa mvuke. Andazi letu linajua mafuta, hilo la kwao halijawahi kukutana nayo. Ndani huwekwa ufuta uliosagwa, maharagwe mekundu, au mbegu za yungiyungi zilizopondwa hadi zikawa kama uji mzito. Nilisimama karibu robo saa mbele ya duka moja nikimtazama mama mmoja akichovya muhuri wa mbao katika rangi nyekundu na kuugonga juu ya mkate mmoja baada ya mwingine, bila kutazama mkono wake, huku akizungumza na jirani wa upande wa pili wa kichochoro. Muhuri huo una herufi mbili zenye maana ya amani na usalama. Wao huzitamka kwa Kikantoni, "ping on", lakini ninyi mliosoma Kimandarini mtazitambua mara moja. Hapo nitoe tahadhari ndogo: Kichina chenu cha Dodoma kitawasaidia kusoma kuliko kuongea, maana wazee wa kisiwani huongea Kikantoni.

Sasa swali la pili. Mimi si shehe wala padri, na hukumu ya dhambi naiachia wanaoisomea. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mtu atakayekushika mkono ukachome ubani. Maandamano ya sikukuu hupita barabarani, mashindano ya kupanda mnara hufanyika katika uwanja wa michezo ulio jirani na hekalu, na kuingia hekaluni ni hiari yako. Ukiingia, ingia kama unavyoingia penye tambiko la watu: sauti ya chini, usivuke mbele ya anayesujudu, usishike kilichowekwa mbele ya sanamu. Sisi wa mikoa ya kati hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kwenye miamba yenye michoro iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado wako wazee wanaokwea kutambika, na mgeni mwenye adabu anayewakuta hujua wapi pa kusimama bila kuwa mfuasi wao.

Kuhusu chakula, wenzako Waislamu wana nafuu wasiyoitarajia, kwa kuwa katika siku za sikukuu kisiwa hujizuia kula nyama, na migahawa mingi huandaa vyakula visivyo na nyama wala samaki. Hata hivyo waulize kila mara kama unga haukutiwa mafuta ya nguruwe, hasa mkiununua mkate siku nyingine, na mwombe rafiki yenu wa Guangzhou awaandikie swali hilo kwenye karatasi. Kwa sala, mjini Hong Kong, upande wa Kowloon, upo msikiti mkubwa katika barabara ya Nathan, usiohitaji kuulizia mara mbili. Wapo pia wanaosita kula mkate uliokwisha kutolewa sadaka kwa roho. Hao wanunue wa dukani, uliotoka jikoni moja kwa moja.

Nije kwenye ugomvi. Kosa letu lilikuwa moja: hatukuafikiana kabla ni nini tumekuja kuona. Maandamano huanza mchana, kama saa 8, na mashindano hufanyika karibu na saa 6 usiku. Kati ya hayo mawili kuna saa nyingi za joto, umati na kusimama. Ilipofika jioni, wawili kati yetu walitaka kurudi mjini, wawili tukataka kubaki, maneno yakawa makali pale gatini, wale wakapanda boti. Ndipo tulipogundua kwamba mkoba wa fedha za safari umeondoka nao. Tulibaki na dola 40 za Hong Kong na kadi zetu za Octopus, kadi za kielektroniki za kulipia usafiri wa huko, ambazo ndizo zilizotuokoa nauli. Tulinunua mikate, tukaigawa nusu kwa nusu, tukaangalia mashindano tukiwa nje ya uwanja, nyuma ya mtu mrefu aliyembeba mtoto mabegani, kisha tukakaa juu ya ukuta wa bandari tukingoja boti za usiku wa manane, ambazo huwa chache. Siwezi kusema niliuona mnara. Niliiona miguu ya yule mtoto.

Kwa hiyo kaeni chini mkiwa bado Dodoma na mwamue. Maoni yangu, kama mnataka kuokoa nguvu, ni kwamba maandamano ya mchana yana thamani kubwa kuliko mashindano ya usiku, ambayo hata wenyeji wengi huyaangalia kwenye televisheni. Kama mnataka yote mawili, tafuteni nyumba ya wageni hapo hapo kisiwani miezi kadhaa kabla, kwa kuwa vyumba ni vichache na bei za siku hizo hupaa. Fedha za chakula, nauli na malazi zichangwe zote kabla ya safari, zishikwe na mmoja, lakini kila mtu abaki na akiba yake mfukoni. Hilo la mwisho ndilo nililolilipia karo.

Kuna mambo matatu ya safari ambayo marafiki hugombania bila sababu kwa kuwa hakuna aliyeyauliza. La kwanza ni viza. Hong Kong ni sehemu ya China, lakini ina uhamiaji wake na masharti yake ya kuingia, na viza ya China bara haikupi ruhusa ya Hong Kong. Ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umehesabiwa kuwa umetoka China bara. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, hutaruhusiwa kurudi nayo, hata kama mabegi yako yako kwa rafiki yako. Ombeni ya kuingia mara mbili au zaidi, na mthibitishe masharti ya Hong Kong kabla ya kukata tiketi. La pili ni fedha: Hong Kong hutumia dola yake, si yuan ya China bara. La tatu ni usafiri. Kutoka Guangzhou hadi kituo cha West Kowloon treni ya mwendokasi huchukua muda wa kama saa moja, kisha mtakwenda gati namba 5 katika eneo la Central, ambako boti ya haraka hufika Cheung Chau kwa chini ya dakika 45 na ya kawaida kwa karibu saa nzima. Siku ya sikukuu foleni ya hapo huwa ndefu, basi nendeni asubuhi. Na msilidharau joto la Mei kwa sababu mmezoea jua la Dodoma. Letu ni kavu na ukikaa chini ya mti umepona, la kwao lina unyevu unaokufuata hadi kivulini.

SWALI: Mwanangu alinionyesha picha za sikukuu hiyo, na humo nimeona watoto wadogo wakielea juu ya vichwa vya watu, mmoja amesimama juu ya ncha ya upanga. Je, si kuwatesa watoto? (Mama wa Ipagala, Dodoma)

JIBU: Mama yangu, hata mimi nilishtuka. Mtoto haelei wala hasimami juu ya upanga. Chini ya nguo zake kuna fremu ya chuma iliyokunjwa kwa ufundi, yenye mahali pa kukalia na mikanda ya kumfunga, na upanga au kipepeo kilicho chini ya mguu wake ni pambo la kuficha chuma hicho. Fremu husimikwa kwenye kigari kinachosukumwa na watu wazima, na pembeni hutembea wengine wenye miti mirefu yenye panda nchani, tayari kumtegemeza. Huvalishwa kama mashujaa wa hadithi za kale, na mara nyingine kama wanasiasa wa wakati huo, jambo linalowachekesha sana wenyeji. Nilimwona msichana wa kama miaka sita aliyevishwa kama malkia, amekunja uso kwa heshima zote za ufalme, na kila msafara uliposimama mwanamume aliyekuwa chini yake, nadhani baba yake, alimnyooshea chupa ya maji yenye mrija, akanywa, akaukunja uso tena. Uzito wa mavazi na joto ni adha ya kweli, sikatai. Lakini niliambiwa kwamba wazazi huomba nafasi hiyo, na wengi wao waliwahi kukaa juu ya fremu hizo wenyewe.

SWALI: Nimesikia kwamba mikate ya mnara siku hizi ni ya plastiki. Basi kuna haja gani ya kwenda? (Msomaji wa Kondoa)

JIBU: Ulichosikia ni kweli kwa mnara wa mashindano, ambao tangu mwaka 2007 umewekewa mikate ya plastiki ili chakula kisikanyagwe na kutupwa. Nilipouliza, mzee mmoja aliniambia kwa masikitiko kwamba mkate usiolika hauna baraka, na sikuwa na la kumjibu. Lakini mikate halisi ingalipo: hutolewa katika ibada na baadaye kugawiwa watu, na madukani hupikwa mchana na usiku. Fika duka la kichochoroni asubuhi, kabla boti za wageni hazijaanza kumiminika, uutafute ule wa ufuta ungali unatoa mvuke, na uwe na sarafu ndogo, kwa sababu foleni nzima itakuwa inakungoja utafute chenji.