Jipu alilikamua kwa pini, sasa paja zima limevimba

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana sukari. Wiki iliyopita alitoka jipu pajani akalikamua kwa pini, tukafungua vidonge vya rangi mbili tukamwagia ule unga juu kama tulivyozoea. Tangu juzi paja limevimba, la moto, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na jana usiku alitetemeka blanketi mbili hazikutosha. Yeye anasema jipu tu hilo, litaiva. Nisubiri?
Mama wawili, Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usisubiri, mpeleke leo leo hata kama unasoma hii usiku wa manane, na muende hospitali yenye upasuaji sio duka la dawa. Kutetemeka kule ndo kunanitia hofu, vijidudu vinaweza kuwa vimeshaingia kwenye damu, na mwenye sukari mwili wake haupigani vizuri.

Kabla hamjatoka chukua kalamu ya wino, chora mstari pale uvimbe unapoishia, andika na saa pembeni. Ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kutafuta joto linapoishia. Daktari wa zamu akiona umevuka mstari ataelewa haraka kuliko maelezo yoyote.

Sasa mwangalie vizuri: maumivu makali kuliko kinachoonekana, ngozi kugeuka zambarau au nyeusi, malengelenge, au ukibonyeza unasikia kama kuna hewa inakwaruza chini. Ukiona hata moja sema pale pale mapokezi, maana nyama inaweza kuwa inaoza chini kwa chini na hapo tunahesabu masaa, bila kupasuliwa haraka mguu unaenda au mtu anaenda.

Ule unga wa rangi mbili jamani tuuache, unagandia juu tu huku chini usaha unaendelea. Hata vidonge vya kumeza havifiki vizuri penye usaha, jipu kubwa dawa yake ni kupasuliwa litoke lote. Na kukamua kunausukuma ndani, usoni karibu na pua ndo kabisa usiguse. Jipu dogo lisilo na homa weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, basi.

Beba dawa zake zote za sukari, na kama ana aleji ya penisilini itaje kabla hajachomwa sindano yoyote.